Kigoda cha Baba Katikati ya Uwanja

Mwaka huu mteja mmoja alinipa pole ya msiba, nami nikaipokea. Nilikuwa dukani kwangu hapa Bariadi, duka la dawa za mifugo, nimeketi nyuma ya meza kati ya makopo ya dawa ya kupe na chupa za dawa ya minyoo, machozi yananitoka. Mteja mwenyewe alikuwa mfugaji aliyetoka mbali, vumbi limempanda mpaka magotini. Alivua kofia, akangoja kidogo kwa heshima, kisha akauliza ni nani. Nikasema ni mama mmoja. Mama yako? Hapana, wa mbali. Alikuwa anaumwa nini? Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli, kwamba mama huyo alikuwa ndani ya riwaya, na kwamba hata hakufa. Alikuwa amekaa jikoni kwake anamenya viazi, akatambua kwamba mwanawe hatarudi tena. Badala yake nikasema, "Moyo." Akatikisa kichwa, akasema moyo ni kitu kibaya, akanunua dawa yake na kuondoka taratibu, kama mtu anayetoka kwenye matanga.

Ndivyo nilivyo. Mimi ni msomaji, na naomba nisisifiwe kwa hilo. Wapo waliosoma wakapata hekima. Mimi nimesoma nikapata maumivu ya shingo. Halafu sina hata adabu za msomaji. Nachungulia ukurasa wa mwisho. Naruka maelezo ya milima na mito, halafu nalalamika sijui watu wako wapi. Riwaya naipima kwa chakula: mwandishi akiniletea watu ambao mpaka sura ya tano hawajala kitu, simwamini tena.

Kabla ya mavuno ya pamba nilisoma moja nene kama tofali, ya mhadhiri katika nchi ya theluji ambaye kitabu kizima anatembea huku na huku akiwaza kama maisha yana maana. Sikumwona akipika hata chai. Hana shangazi, hana mjomba, hakuna anayempigia simu kumwambia kuna mtu amelazwa au harusi imesogezwa mbele. Mwanzoni nilimwonea wivu, baadaye nikamhurumia, mwisho nikamkasirikia kabisa. Lakini nilimsoma mpaka mwisho, na jioni ile sikusema na mtu. Mke wangu alinitazama, akajua kuna kitabu kimeisha. Alisema kama tungekuwa tunaweka matanga kwa kila kitabu changu, mbuzi wote wa nyumba hii wangekuwa wamekwisha.

Sasa niseme habari za baba, maana yeye ndiye aliyeniharibia usomaji wangu.

Baba alihamia kwetu miguu yake ilipoanza kumsumbua. Kwetu hasa ni Kimali, kule Meatu, nchi kavu ya ng'ombe, na katika nguvu zake baba alikuwa manju. Manju ndiye kiongozi wa ngoma: anatunga, anatangulia kuimba, watu wake wanamwitikia. Ngoma zetu, tunazoziita mbina, huchezwa kwa mashindano baada ya mavuno. Kambi mbili zinasimama uwanja mmoja, kila moja upande wake, na zinacheza kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wala alama. Watu wenyewe wanahama. Wanaokuchoka wanakwenda upande wa pili, na anayebaki na watu ndiye aliyeshinda. Wazee wa Kimali wanasema baba aliwahi kuhamisha uwanja mzima kwa wimbo kuhusu punda. Mimi sikuurithi hata mkia wa huyo punda. Nikiimba kanisani, watu wanaokaa karibu nami hutafuta namba ya wimbo wakidhani wamekosea wao.

Alikuja na mfuko mmoja wa nguo na kigoda chake, cha mti mmoja na miguu mitatu, kimeng'aa kwa kukaliwa. Kigoda hicho habebewi na mtu. Ukikishika ili umsaidie, anakwambia, "Weka," nawe unaweka.

Siku za mwanzo alikuwa akinitazama nikisoma barazani. Siku moja akauliza kitabu kinasema nini. Nikamwambia ni hadithi. Ya nani? Ya watu tu. Mbona hucheki? Nikasema nacheka moyoni. Akalifikiria jibu hilo kwa muda.

"Ng'wana wane," akasema, "wewe unakula umeelekea ukutani."

Asiyejua nyumba za kwetu ataona ni neno dogo. Mwanangu, ndivyo alivyoanza, kwa upole kabisa. Halafu akaniita mchoyo. Kwetu mtu akila peke yake, na zaidi ya hapo akageukia ukuta, huyo hana la kumtetea. Nina mvi za kutosha, nina watoto wanaonyoa ndevu, lakini neno lile liliniuma kama nimechapwa mbele ya darasa. Usiku mzima nilimjibu kichwani kwa hoja nzuri sana. Asubuhi nilipomwamkia sikukumbuka hata moja.

Kwa hiyo nikaanza kusimulia. Mezani, baada ya chakula, nikawaeleza habari za yule mhadhiri wa theluji. Siku hiyo alikuwepo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtoto wa Nassa, kule ziwani, ambaye anafundisha sayansi sekondari hapa mjini. Shemeji naye ni msomaji, ila riwaya hagusi. Anasema hana muda wa kusikitikia watu ambao hawakuzaliwa. Yeye anasoma vitabu vya mambo ya kweli: historia ya kamba, maisha ya mchwa, kwa nini daraja linaanguka. Sikuwa nimefika mbali na mhadhiri wangu kabla shemeji hajaanza kuwaeleza wenzangu habari za kamba. Nikaongeza sauti. Naye akaongeza. Mke wangu akasema tunasema pamoja na hasikii chochote.

Baba akacheka. Hakuwa amecheka tangu ahamie. "Waache," akasema. "Ndivyo inavyochezwa. Pamoja."

Yeye ndiye aliyetunga sheria. Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula, mimi nisimame upande wa mwarobaini, shemeji asimame upande wa jiko, kila mmoja asimulie kitabu chake kwa wakati mmoja, na watu wahame na viti vyao. Watu wenyewe walikuwa familia, na majirani waliokuja kwanza kwa kushangaa, kisha kwa mazoea. Baba aliweka kigoda chake katikati, karibu na tangi la maji, akakaa hapo. Mchezo ukaanza.

Nitasema wazi nilichotaka. Watu wengine wahame au wasihame, mimi nilitaka kigoda kile kihamie kwangu. Mara moja tu. Manju aliyehamisha uwanja wa Kimali anyanyuke mwenyewe, aje akae mbele yangu, anisikilize. Nilikitaka kitu hicho kwa uchu ambao mtu wa umri wangu anapaswa kuuonea haya, na haya niliona, lakini uchu haukupungua.

Jumapili ya kwanza shemeji alikuja na kitabu cha meno. Ndiyo, meno: watu wa kale walivyoyang'oa, walivyoyachonga, walivyotengeneza ya bandia kwa mifupa ya wanyama. Mimi nilikuja na riwaya ya mjane anayeitazama mvua. Nadhani msomaji ameshaona mwisho wake. Kila mtu ana meno. Hata asiye nayo ana habari zake. Nilikuwa bado kwenye wingu la kwanza nikaona stuli ya jirani yetu, mama mtu mzima anayeuza mchele, inanyanyuka na kwenda. Baada ya muda upande wa jiko watu walikuwa wameachama midomo wanaonyeshana. Mjane wangu alibaki na mke wangu peke yake, na yeye alibaki kwa sababu alikuwa anachambua mboga pale pale tangu mwanzo.

Baba hakusogea upande wowote. Hilo lilinifariji, nikajiambia mcheza kwao hutunzwa.

Wiki iliyofuata nikaona tatizo ni vituko. Manju wote wakubwa walikuwa na vituko. Wapo waliocheza na chatu shingoni. Kwa chatu sikuwa na moyo. Nikaenda mnadani nikachagua kwenye mitumba koti la baridi, zito, lenye manyoya kwenye kofia, na Jumapili nikalivaa ili kumsimulia upya yule mhadhiri wa theluji. Ilikuwa saa nane mchana, Bariadi, kiangazi. Nilishinda. Watu wote walihama kuja kwangu, na shemeji mwenyewe akaacha mchwa wake akaja kutazama. Lakini hakuna aliyesikia neno. Mama wa mchele alisema kwa sauti ya huruma kwamba nimepandwa na homa. Nilipofika mahali mhadhiri anapotazama ziwa lililoganda, jasho liliniingia machoni nikashindwa kuendelea, wakanipa maji.

Nilipofuta macho nilitazama katikati. Kigoda kilikuwa pale pale, na baba amekaa juu yake, anaangalia kwingine kama mtu aliyeona ndugu yake amelewa harusini.

Kuna Jumapili nilikaribia kushinda kihalali. Shemeji alikuwa na kitabu cha tabia za watu waliofanikiwa: amka alfajiri, kunywa maji, andika malengo yako. Mama wa mchele akauliza kuamka alfajiri kuna ugeni gani. Baba naye, kutoka katikati, akauliza huyo aliyeamka anaandika malengo, ng'ombe wake wanakamuliwa na nani. Watu wakaanza kuja kwangu. Nilikuwa na riwaya ya ndugu wawili wanaogombea shamba la mpunga, na hiyo ilikwenda vizuri mno, kwa sababu kila mtu alikuwa na mgogoro wake wa shamba. Wakaanza kuisimulia wao. Sikumaliza sura ya pili. Ndugu mdogo kwenye kitabu changu alikuwa mwovu, lakini upande wa mwarobaini walipiga kura wakamwachia huru.

Nilikuwa naanza kuelewa kinachonishinda, na nitakisema hata kama kinafanana na kisingizio. Kitabu cha kweli ukikisimulia kinabaki na vitu vyake. Meno ni meno, hata yasimuliwe na nani. Riwaya ukiisimulia kinabaki kisa, na kisa ndicho kitu ninachokipenda kidogo kuliko vyote. Mimi nilipenda namna yule mama wa viazi anavyokiweka kisu pembeni kabla ya kumenya kiazi kinachofuata. Nilipenda watu wawili waliokaa chumba kimoja, kila mmoja ana neno na halisemi. Utasimamaje chini ya mwarobaini uwaambie watu waliotoka kanisani na njaa kwamba sehemu nzuri ni pale ambapo hakuna aliyesema kitu?

Siri nyingine ni kwamba kile kitabu cha meno nilikiazima kwa shemeji kimya kimya, nikakisoma dukani. Ni kizuri. Kina sura moja kuhusu vinyozi wa zamani waliong'oa meno sokoni huku ngoma zikipigwa ili kelele za mgonjwa zisisikike, na sura hiyo niliirudia. Nilimrudishia nikamwambia kimenichosha.

Basi ikafika Jumapili ya mwisho kabla shemeji hajaenda Nassa kwa likizo. Nilileta kitabu nilichokipenda kupita vyote mwaka huu. Nilijua ni kosa, nikakileta hivyo hivyo. Ni riwaya ndogo ya baba na mwana wanaokaa nyumba moja wakitengeneza paa lililovuja. Hawagombani, hawapatani, wanapokezana nyundo. Kitabu kinaanza paa linavuja, na kinaisha paa halivuji sana. Nilikisoma mara mbili mfululizo, na mara zote mbili nilipofika pale mzee anaposhikilia ngazi bila kuombwa, ilibidi nifunge kitabu nipange upya makopo ya dawa ya kupe.

Shemeji alileta kitabu cha ndege wanaoruka kwa makundi. Kwa maneno mengine, alileta kwelea kwelea. Hapa kwetu hakuna aliyekua bila kukaa shambani analinda mtama au mpunga, kombeo mkononi, kopo la kugonga pembeni. Hakuhitaji hata kusimulia. Alisema tu kwamba wataalamu wamechunguza ni ndege yupi anayeongoza kundi, na stuli zikaanza. Mama wa mchele alitangulia. Watoto wangu wakafuata, mkubwa akinipungia mkono kwa aibu kidogo. Mke wangu alinyanyua kiti chake, akaniambia, "Samahani, baba watoto, lakini hao ndege walitumalizia mpunga mwaka ule," akaenda.

Nikabaki na kuku mmoja aliyekuwa anaparua chini ya mwarobaini, naye baada ya muda akaondoka.

Kanuni ilikuwa usinyamaze mpaka mwenzako amalize. Nikaendelea. Nikauambia uwanja mtupu habari za mbao, za misumari iliyopinda, za mzee anayeokota msumari uliopinda na kuunyoosha juu ya jiwe. Sauti ilikuwa inapungua yenyewe. Kule jikoni walikuwa wanacheka, kuna mtu anaigiza mlio wa kwelea kwelea. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona huzuni ya kijinga kabisa: kwamba kitu kilichonitoa machozi kwa siku nyingi, hata mtoto wangu mwenyewe nimeshindwa kumpa akionje.

Hapo baba akanyanyuka.

Alinyanyuka kwa shida, mkono mmoja gotini, mwingine umeshika kigoda. Upande wa jiko walimwona, wakapunguza kelele. Shemeji alikatisha sentensi. Baba akasimama kidogo mpaka miguu ikubali, kisha akageuka kuja kwangu. Moyo ulinidunda kama wa mtoto anayesubiri kusomewa matokeo. Hatua kwa hatua alivuka uwanja. Nikaanza kumtengenezea nafasi, nikasukuma majani makavu kwa mguu ili kigoda kikae sawa mbele yangu.

Akanipita.

Alizunguka akaja nilipokuwa nimesimama mimi, ubavuni pangu, mgongo kwenye mwarobaini. Akaweka kigoda, akakaa, akawatazama watu wa kule jikoni. Mimi na yeye tukawa tumeelekea upande mmoja. Sikuelewa. Nilidhani macho yamemchanganya, au jua.

"Baba," nikamwambia taratibu, "ukikaa huku hutaniona vizuri."

"Sikuja kukutazama."

Aliiweka mikono juu ya magoti.

"Watazamaji ndio wanaokaa mbele," akasema. "Manju akikimbiwa na uwanja, watu wake wanasimama naye. Hujaona?"

Nilikuwa nimeona tangu utotoni. Ila sikuwahi kujihesabu kuwa na watu.

"Kitabu chako hakina kitu," akaongeza. "Paa, paa, paa. Haya, toa sauti."

Nikatoa sauti. Nikaendelea kuanzia kwenye msumari, na kila nilipomaliza sentensi baba aliitikia, kwa ile sauti ya kifuani ambayo nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa mdogo, ile ya kambi nzima inapompokea manju wake. Nikisema mvua ilinyesha tena usiku, anaitikia. Nikisema mwana alipanda ngazi, anaitikia. Nilipofika pale mzee anaposhikilia ngazi bila kuombwa, sauti yangu ilikatika, na baba aliitikia hivyo hivyo, kana kwamba nimesema, akanipa muda wa kumeza mate. Upande wa jiko walitutazama. Hakuna aliyehama. Kwelea kwelea walikuwa wanafikia mahali pazuri.

Tulimaliza karibu pamoja na shemeji. Watu wakaanza kukusanya viti. Mpwa wa mama wa mchele alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka Mwanhuzi, begi bado mkononi. Akawaamkia wakubwa, akamwinamia baba, na kwa kuwa habari za mchezo wetu zilishafika mpaka huko, akamuuliza leo kashinda nani.

"Tumeshindwa," baba akasema.

Kisha akanyanyuka, akakishika kigoda kwa mguu mmoja, akanipa nimbebee ndani.